Chama kidogo serikalini na mambo ya nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Maswali haya ni yale yanayorudi kila msimu wa uchaguzi: barzani, kwenye mihadhara ya vyuo, na kwenye makundi ya simu ambako mtu anatuma picha ya Makamu wa Kwanza wa Rais akiwa na balozi, kisha wote wanaanza kubishana picha ile ina maana gani. Kuhusu Zanzibar, majibu yanashughulika na vipindi viwili vya Serikali ya Umoja wa Kitaifa (SUK): kile kilichoanza 2010 na kile kilichoanza Disemba 2020 hadi uchaguzi wa 2025. Mifano ya nje imechaguliwa pale inapotusaidia kujitazama.

## Misingi

1. Serikali ya mseto ni nini, na SUK yetu ni mseto kweli?

Mseto wa kawaida huzaliwa bungeni. Uchaguzi unakwisha, hakuna chama kilichopata wingi, basi viwili au vitatu vinakubaliana mpaka wafikie nusu ya viti na kidogo juu yake. Waziri Mkuu anaishi kwa pumzi ya wale alioungana nao. Wakiondoka, anaanguka.

SUK ilizaliwa kwa njia nyengine. Novemba 2009 Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana baada ya miaka ya mivutano na damu. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikafanyiwa marekebisho ya kumi: chama kilichoshika nafasi ya pili katika kura za urais kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, ikiwa kimepata angalau asilimia kumi, na nafasi za uwaziri zinagawanywa kwa kufuata viti vya Baraza la Wawakilishi.

Kwa hiyo ni serikali ya kugawana madaraka kwa amri ya katiba. Rais anachaguliwa moja kwa moja na wananchi na hahitaji viti vya mshirika wake ili abaki Ikulu. Hata mwaka 2010, pale Dk. Ali Mohamed Shein alipopata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, CCM ilikuwa na majimbo 28 kati ya 50 ya Baraza la Wawakilishi. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoeleza karibu kila kitu katika majibu yanayofuata.

2. Chama chenye kura chache kinapata wapi nguvu ya kugusa mambo ya nje?

Kwanza, kwenye uwezo wa kujitoa. Chama chenye wabunge sita ndani ya serikali yenye wabunge wawili zaidi ya nusu kina sauti kuliko chama chenye wabunge thelathini ndani ya serikali isiyokihitaji. Pili, kwenye wizara kilizopewa. Siku hizi biashara, mazingira, kilimo, uhamiaji na nishati zote zina upande wa nje, na mtu hahitaji kuitwa Waziri wa Mambo ya Nje ili azungumze na mataifa. Tatu, kwenye hoja moja kinayoijali kuliko wenzake. Chama kikubwa kina mambo mia ya kuangalia. Kidogo kina mawili, na kwa hayo mawili hakilali.

Mengineyo, kama urafiki wa viongozi au ufasaha wa mtu mmoja, yanasaidia ila hayadumu.

3. Je, ni lazima kipewe Wizara ya Mambo ya Nje?

Si lazima, ingawa Ujerumani imefanya hivyo mara nyingi mpaka watu wakadhani ni sheria. Tangu 1966 na kwa miongo mingi wizara hiyo ilikuwa ikienda kwa mshirika mdogo. Hans-Dietrich Genscher wa FDP aliikalia kuanzia 1974 hadi 1992, ukiacha wiki chache za 1982 ambapo chama chake kilimwacha Helmut Schmidt wa SPD na kuhamia kwa Helmut Kohl wa CDU. Kansela alibadilika, Waziri wa Mambo ya Nje akabaki. Chama chake kwa kawaida kilikuwa kikipata kati ya asilimia tano na kumi na moja ya kura.

Kuna kisa cha Ujerumani kinachotuhusu sisi moja kwa moja, nacho hakisimuliwi vya kutosha. Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, ikawa ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, ilikuwa na msimamo kwamba haina uhusiano na nchi inayoitambua Berlin Mashariki. Baada ya Muungano, Tanzania ikajikuta na ubalozi wa Wajerumani wa Magharibi Dar es Salaam na wa Mashariki Unguja. Mwaka 1965 Wajerumani wa Mashariki waliporuhusiwa kufungua konseli Dar es Salaam, Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akaukataa na ule mwengine uliobaki. Msimamo huo wa Bonn ulikuja kuzikwa na serikali ya mseto ya 1969, ambapo SPD ya Willy Brandt iliungana na FDP iliyopata asilimia 5.8 tu. Walter Scheel wa FDP ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Disemba 1972 Ujerumani mbili zikatia saini mkataba wa msingi. Bila ya asilimia zile 5.8, Brandt asingekuwa na serikali ya kufanyia hayo.

## Hapa visiwani

4. Zanzibar ina sera yake ya mambo ya nje?

Kikatiba, hapana. Mambo ya Nchi za Nje ni jambo la pili katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyomo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Ulinzi, uraia, uhamiaji, mikopo na biashara ya nchi za nje nayo yamo humo. Orodha ilianza na mambo 11 mwaka 1964. Leo ni 22.

Kimatendo, Zanzibar ina mengi ya nje. China, India na Oman zina konseli zao Unguja. Wizara ya Elimu ya Zanzibar ndiyo iliyotia saini Julai 2023 makubaliano ya kuletwa tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, na Rais Hussein Mwinyi alikuwepo pamoja na Waziri wa Mambo ya Nje wa India. Tuna jamaa Muscat, Dubai, London na Mombasa, na pesa zao zinajenga nyumba Mkoani na Wete. Yote hayo yanafanywa chini ya kivuli cha Muungano, kwa idhini ya wazi au ya kimya.

Na wako Wazanzibari walioikalia wizara yenyewe ya Muungano, akiwemo Dk. Salim Ahmed Salim katika miaka ya themanini ya mwanzo na Mahmoud Thabit Kombo aliyeteuliwa 2024. Lakini hao waliingia kwa tiketi ya chama tawala na kwa uteuzi wa Rais wa Muungano. Mlango huo haupitii SUK.

5. Basi CUF, na baadaye ACT-Wazalendo, walikuwa na ushawishi gani wa nje wakiwa ndani ya SUK?

Mdogo kwa mtazamo wa katiba, mkubwa kiasi kwa mtazamo wa sura ya nchi.

Tuanze na wizara. Ofisi ya Makamu wa Kwanza ilipewa mazingira, UKIMWI, dawa za kulevya na masuala ya watu wenye ulemavu. Wako waliocheka kwamba ni mabaki ya mezani. Mimi naona walikosea kidogo. Mazingira na UKIMWI ni maeneo ambayo fedha na wataalamu wake wanatoka nje kwa wingi, na mwenye dhamana anakutana na wageni kila wiki. Biashara nayo ilikwenda kwa mshirika katika vipindi vyote viwili: Nassor Ahmed Mazrui wa CUF baada ya 2010, Omar Said Shaaban wa ACT-Wazalendo kuanzia 2021. Waziri huyo ndiye mwenye neno kuhusu karafuu, na karafuu ya Pemba bei yake hupangwa na Singapore, Indonesia na India kuliko inavyopangwa na Chake Chake. Lakini kumbuka: biashara ya nchi za nje ni ya Muungano. Waziri wa Zanzibar anauza karafuu; mkataba wa ushuru anaujadili mwengine.

Ushawishi mkubwa zaidi ulikuwa ni kule kuwepo kwao tu. Maridhiano yalikuwa hoja ya Tanzania mbele ya wafadhili. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na Tume, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila ya CUF, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, jibu la nje halikuchelewa. Tarehe 28 Machi 2016 bodi ya shirika la Marekani la Changamoto za Milenia, MCC, ilisimamisha ushirikiano na Tanzania nzima, mradi wa takriban dola milioni 472, uliolenga zaidi umeme. Sababu zilizotajwa ni uchaguzi wa Zanzibar na matumizi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao. Awamu ya kwanza ya mpango huohuo ndiyo iliyoleta waya mpya wa umeme chini ya bahari hadi Fumba na barabara za vijijini Pemba, kwa hiyo watu wa hapa walijua nini kimeondoka.

Chama kilichokuwa nje ya serikali, kwa kugoma tu, kilibadilisha uhusiano wa Dodoma na Washington. Wakati kilipokuwa ndani hakikuwahi kufanya jambo la ukubwa huo.

6. Kwa nini jimbo la India linaweza kuzuia mkataba wa kimataifa, na sisi wenye katiba, bendera na Baraza letu hatuwezi?

Swali hili huulizwa na wale waliofuatilia mkasa wa mto Teesta. Septemba 2011 Waziri Mkuu Manmohan Singh alikwenda Dhaka akitarajia kutia saini mkataba wa kugawana maji ya mto huo na Bangladesh. Mamata Banerjee, Waziri Kiongozi wa Bengali Magharibi, akakataa kufuatana naye kwa hoja kwamba wakulima wake watakosa maji. Mkataba ukawekwa kando na miaka mingi baadaye ukawa bado haujasainiwa. Katiba ya India nayo inaweka mambo ya nje mikononi mwa Delhi, kama yetu inavyoyaweka kwenye Muungano. Kilichompa nguvu Mamata ni wabunge wa chama chake, Trinamool, waliokuwa wakiishikilia serikali ya Singh. Mwaka uliofuata aliwaondoa kweli, safari hii kwa sababu ya kuruhusiwa maduka makubwa ya kigeni.

Dodoma haijawahi kuwa na upungufu huo. Zanzibar ina majimbo 50 katika Bunge la Muungano na wajumbe 5 wanaotoka Baraza la Wawakilishi, lakini chama tawala kina wingi wake bila ya kuwategemea washirika wa Unguja.

Iko silaha moja inayosahaulika. Ibara ya 98 ya Katiba ya Muungano inataka theluthi mbili ya wabunge wa kila upande ili kubadili mambo fulani, ikiwemo orodha ya Mambo ya Muungano yenyewe. Kwa hesabu hiyo, wabunge wa Zanzibar wakiwa kitu kimoja wanaweza kuzuia jambo lisiongezwe. Sharti kama hilo lilikuwepo pia kwenye Bunge Maalum la Katiba la 2014. CUF na wenzao wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje ya Bunge hilo mwezi Aprili, na rasimu ikaja kupita Oktoba bila yao. Aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alipiga kura ya hapana kwenye baadhi ya ibara na akaondolewa kazini. Mwaka 2021, baada ya kifo cha Maalim Seif, huyohuyo akarudi kama Makamu wa Kwanza wa Rais kupitia ACT-Wazalendo. Siasa za hapa hazina kumbukumbu fupi.

7. Kabla ya Muungano, tuliwahi kuwa na chama kidogo kilichoamua mambo?

Tuliwahi, na cha Pemba. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoa viti 10 kwa ASP (Afro-Shirazi), 9 kwa ZNP (Hizbu) na 3 kwa ZPPP ya Mohammed Shamte. Hao watatu wakagawanyika, wawili upande mmoja na mmoja upande wa pili, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuundika. Wa Juni ukatoa 10, 10 na 3, ZPPP ikakaa na Hizbu, na Shamte akawa Waziri Kiongozi. Julai 1963 ASP ilipata viti 13, Hizbu 12, ZPPP 6. Ingawa ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura, mseto uleule ukaendelea na Shamte akawa Waziri Mkuu wa uhuru wa tarehe 10 Disemba 1963.

Tazama walivyogawana. Mdogo alichukua uwaziri mkuu, na Ali Muhsin wa Hizbu, chama kikubwa cha mseto, akachukua Mambo ya Nje. Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa tarehe 16 Disemba, kwa sera iliyotoka kwa Hizbu zaidi kuliko kwa ZPPP. Cheo kikubwa zaidi kilikuwa cha mdogo. Dira ya nje ilikuwa ya mwenzake.

Kisha Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na hapa mambo yakageuka. Umma Party ya Abdulrahman Babu, iliyomeguka kutoka Hizbu 1963, ilikuwa ndogo kuliko vyama vyote vilivyotajwa. Babu akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Katika wiki zile chache uhusiano na China, Urusi na Ujerumani Mashariki ukasonga mbio, na nchi za Magharibi zikawa na wasiwasi uliosaidia kuharakisha mengine. Umma ikaunganishwa na ASP mwezi Machi. Mkataba wa Muungano ulipokuwa ukitiwa saini mwezi Aprili na Mzee Karume na Mwalimu Nyerere, Babu alikuwa safarini nje ya nchi.

Kwa maoni yangu hakuna mfano bora zaidi, popote duniani, wa chama kidogo kuipa nchi dira ya nje kwa kasi na kuipoteza kwa kasi ileile.

8. Na suala la OIC?

Hilo halikuwa la mseto. Lilikuwa la chama kimoja, enzi za Dk. Salmin Amour. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Disemba 1992 na ikajitoa Agosti 1993 baada ya kubainika kwamba imevuka mipaka ya Katiba. Linatajwa hapa kwa sababu linaonesha ukuta uko wapi. Ikiwa chama kinachotawala pande zote mbili kilishindwa kuuvuka, mshirika mdogo wa SUK asitarajiwe kuuvuka. Mpira wa miguu nao ulionja: CAF, shirikisho la mpira la Afrika, iliipokea Zanzibar kama mwanachama kamili Machi 2017, ikaitoa Julai mwaka huohuo.

## Kwengineko

9. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na serikali ya mseto. Mambo ya nje yalikwendaje?

Yalikwenda kwa midomo miwili. Katika uchaguzi wa 2007 Kalonzo Musyoka wa ODM-Kenya alishika nafasi ya tatu akiwa na karibu asilimia tisa. Mwai Kibaki alimfanya Makamu wa Rais Januari 2008, kabla hata ya makubaliano na Raila Odinga. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipoanza kuwaandama Wakenya sita, ni Kalonzo aliyezunguka mwanzoni mwa 2011 kwenye Umoja wa Afrika na kwa wajumbe wa Baraza la Usalama akiomba kesi ziahirishwe. Wakati huohuo ODM ya Raila, nusu ya serikali ileile, ilipinga hadharani ombi hilo. Baraza la Usalama halikuahirisha kitu.

Mdogo alipewa kazi ya nje kwa sababu mkubwa alihitaji mtu wa kuibeba, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na hamu ya kuonekana. Hayo mawili yakikutana, usishangae kumuona kiongozi wa chama cha asilimia tisa akizunguka miji mikuu kwa jina la taifa zima.

10. Wanaosema Israel inaendeshwa na vyama vidogo wanatia chumvi?

Kidogo. Bunge lao lina viti 120, kizingiti cha kuingia ni asilimia 3.25, na hakuna chama kilichowahi kupata viti 61 peke yake. Julai 2000 chama cha Shas na wenzake walimtoka Waziri Mkuu Ehud Barak siku chache kabla ya mazungumzo ya Camp David, akaenda Marekani akiwa hana wingi nyumbani. Januari 2008 chama cha Avigdor Lieberman kilijitoa kwa Ehud Olmert mara mazungumzo na Wapalestina yalipogusa mambo ya msingi. Januari 2025 Itamar Ben Gvir alitoka serikalini kupinga kusitishwa vita Gaza, akarudi Machi mashambulizi yalipoanza tena.

Chumvi iko hapa: Waziri Mkuu naye huwatumia wadogo kama kisingizio. Anapotaka kukataa shinikizo la Washington, husema serikali yake itaanguka. Mara nyengine ni kweli. Mara nyengine alishataka kukataa tangu mwanzo.

11. Afrika Kusini je, baada ya 2024?

ANC ilishuka hadi takriban asilimia 40, DA ikawa na karibu 22, wakaingia pamoja serikalini. Mambo ya nje yalibaki kwa Ronald Lamola wa ANC. Lakini Mambo ya Ndani yalikwenda kwa Leon Schreiber wa DA, na kutoka huko ukazuka mzozo kuhusu kuwasamehe viza maofisa wa Ukraine. Rais Ramaphosa alipoiita Urusi mshirika wa thamani kwenye mkutano wa BRICS Kazan, Oktoba 2024, kiongozi wa DA John Steenhuisen alisema hadharani kwamba hakubaliani. Ni ile hoja ya wizara za pembeni iliyo katika swali la 2.

12. Uingereza ya Cameron na Clegg ilitoa nini?

Mseto wa Conservative wa Cameron na Liberal Democrats wa Clegg (2010 hadi 2015) ulitoa vitu vitatu vya kutajwa. Uamuzi mkuu juu ya nyambizi za nyuklia za Trident uliahirishwa hadi 2016, baada ya uchaguzi. Lengo la kutoa asilimia 0.7 ya pato la taifa kama misaada lilifikiwa 2013 na kuwa sheria 2015, kwa muswada uliowasilishwa na Michael Moore, mbunge wa Liberal Democrats. Na kura ya maoni juu ya Umoja wa Ulaya haikuwa muswada wa serikali muda wote wa mseto; ilikuja mara Conservative walipobaki peke yao. Liberal Democrats wenyewe walishuka kutoka viti 57 hadi 8. Asilimia 0.7 ilinusurika miaka michache kisha ikapunguzwa.

13. Kujitoa kwa sababu ya mambo ya nje huwa kunalipa?

Mara chache. Julai 2008 vyama vya kikomunisti vya India viliacha kuiunga mkono serikali kwa sababu ya makubaliano ya nyuklia na Marekani. Serikali ilipata washirika wengine, ikashinda kura ya imani 275 kwa 256, na makubaliano yakapita. Machi 2013 DMK, chama cha jimbo la Tamil Nadu, iliondoa wabunge 18 kwa sababu ya Watamil wa Sri Lanka. Serikali ikaendelea kuishi. Uholanzi, Februari 2010, chama cha PvdA kilikataa kuongeza muda wa wanajeshi Uruzgan, Afghanistan. Serikali ikaanguka na wanajeshi wakarudi. Huko kulilipa, kwa sababu hakukuwa na wa kuziba pengo.

14. Na kubaki, kunagharimu nini?

Muulize Joschka Fischer. Chama cha Kijani kilizaliwa na harakati za amani, kikapata asilimia 6.7 mwaka 1998, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na miezi michache baadaye Ujerumani ikashiriki mashambulizi ya NATO dhidi ya Yugoslavia kuhusu Kosovo. Kwenye mkutano wa chama Bielefeld, Mei 1999, alirushiwa mfuko wa rangi nyekundu uliomjeruhi ngoma ya sikio. Alibaki, chama kikabaki, wanachama wengi wakaondoka.

Komeito ya Japani ilichukua njia ya polepole. Kilikaa serikalini na chama kikubwa, LDP, karibu bila kukatika kuanzia 1999 hadi Oktoba 2025. Serikali ya Abe ilipotaka 2014 kutafsiri upya katiba ili jeshi liweze kusaidia washirika, Komeito hakikuzuia. Kilibana masharti mpaka ruhusa ikawa nyembamba. Wafuasi wake wapenda amani hawakufurahi, na wahafidhina nao hawakufurahi.

## Hali za pembeni

15. Mshirika akijitoa, mikataba aliyoshiriki kuijadili inakufa?

Haifi. Mkataba unaifunga dola, haumfungi waziri wala chama. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba hauruhusu nchi kutumia sheria zake za ndani kama kisingizio cha kutotekeleza. Serikali mpya inaweza kujitoa kwa utaratibu uliomo kwenye mkataba wenyewe.

16. Balozi akimtembelea Makamu wa Kwanza wa Rais, ni diplomasia au ni siasa za chama?

Inategemea amekwenda ofisini au makao makuu ya chama, na hata hapo mstari ni mwembamba. Mkataba wa Vienna wa 1961 unataka shughuli rasmi za ubalozi zipitie Wizara ya Mambo ya Nje au kwa makubaliano nayo. Ziara ya heshima haivunji hilo. Ahadi ya fedha iliyotolewa ndani ya ziara hiyo, bila ya Wizara kujua, ni jambo jengine.

Vyama navyo vina njia zao zisizopitia dola. CCM ina uhusiano mkongwe na Chama cha Kikomunisti cha China, na skuli ya uongozi ya Mwalimu Nyerere Kibaha, iliyofunguliwa 2022, ni ya vyama sita vya ukombozi. CUF ilikuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la vyama vya kiliberali. Maalim Seif alikuwa anajulikana Ulaya kabla ya kuwa Makamu wa Kwanza na baada ya kuacha kuwa. Anwani zilizokuwa kwenye simu yake zilikuwa za chama, na alipohamia ACT-Wazalendo na wafuasi wake mwaka 2019 zilihama naye.

17. Mafuta na gesi ya Pemba ikipatikana, mshirika mdogo atakuwa na neno?

Mafuta yalikuwa, na kwenye Katiba bado ni, jambo la Muungano. Sheria ya Petroli ya 2015 ikairuhusu Zanzibar kusimamia ya kwake, na 2016 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake. Oktoba 2018 Zanzibar ikatia saini na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah kuhusu kitalu cha Pemba na Zanzibar. Angalia mwaka: SUK ilikuwa imelala, na hapakuwa na mshirika mezani.

Kwa kipindi chenye mshirika, neno lake lingetegemea ana wizara ipi na ana viti vingapi Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, kwa sababu sheria ya mafuta inabadilishwa huko. Mpaka wa baharini ukibishaniwa, suala linahamia Dodoma, na hapo turudi kwenye swali la 6.

18. Chama kinaweza kuwa serikalini Unguja na upinzani Dodoma kwa wakati mmoja?

Kinaweza, na CUF kilikuwa hivyo kuanzia 2010. Mawaziri wake walikaa Baraza moja na CCM hapa, wabunge wake wakaipinga bajeti ya CCM kule, ikiwemo ya Wizara ya Mambo ya Nje. Hakuna sheria inayokataza. Ila mgeni akiuliza chama hiki kinasimama wapi kuhusu jambo fulani, majibu mawili tofauti yote yalikuwa sahihi, na balozi mwerevu aliandika yote mawili.